Hamsini na Tano au Sitini?

Mwulize mtumishi wa halmashauri mwenye miaka 53 atastaafu lini. Ukimkuta wiki ya Mwenge, au jioni ya siku ambayo wakaguzi wamemwachia hoja mezani, atakujibu kwamba ikiwezekana hata kesho. Ukimkuta siku ambayo mshahara umeingia, atakuambia bado bado kidogo, acha kwanza huyu wa mwisho amalize chuo. Majibu yote mawili ni ya kweli, na hakuna hata moja la kuandikiwa barua.

Kwa watumishi wengi wa umma Tanzania Bara, kustaafu kwa hiari huanza mtu akitimiza miaka 55, na kustaafu kwa lazima ni 60. Maprofesa, wahadhiri waandamizi wa vyuo vikuu vya umma na madaktari bingwa wamesogezewa hadi 60 na 65. Majeshi yana sheria zake, na Zanzibar ina mfuko wake, ZSSF, na taratibu zake. Kati ya 55 na 60 kuna miezi 60 ambayo wewe ndiye unayeamua itumikeje. Rai yangu ni kwamba tarehe ichaguliwe ukiwa na miaka 51 au 52, kichwa kimetulia, halafu madeni, nyumba na makaratasi yapangwe kuifuata. Anayengoja hasira imsukume atakuta kuna mambo ambayo yalihitaji miaka mitatu kutengenezwa, na yeye amebakiza miezi sita.

Kabla ya hesabu yoyote, jiulize ni nini hasa kilichokuchosha. Mtu husema kazi imemchosha kumbe aliyemchosha ni mkuu wake wa idara. Mwingine kazi anaipenda bado, ila magoti hayamruhusu tena kusimama zamu ya usiku wodini. Mwalimu wa darasa lenye watoto mia na zaidi anaweza kuwa amechoka vyote kwa pamoja. Njia rahisi ya kuvitenganisha ni likizo. Likizo ya mwaka ya mtumishi ni siku 28, na wengi wa umri huu hawakumbuki mara ya mwisho kuimaliza bila kuikatakata: siku tatu za msiba, tano za harusi, na hata hizo simu ya ofisini inaita. Ichukue yote. Toka kwenye kituo, nyamazisha makundi ya WhatsApp ya kazini, na mwenye shida amwone anayekaimu.

Usingizi ukirudi wiki ya pili, na ukajikuta unawaza namna ya kuipanga vizuri zaidi ile kazi uliyoiacha, basi kazi haijakushinda. Kilichokushinda ni mahali, au mtu. Hapo dawa ni uhamisho. Utaniambia uhamisho unasumbua, na ni kweli unasumbua. Lakini maombi yanayopita kwenye mfumo wa kielektroniki wa watumishi, ESS, angalau yanaonekana yalipofikia, na mwaka mmoja wa kuyafuatilia ni mfupi ukiulinganisha na miaka mitano ya mshahara.

Ipo pia njia ambayo watu huionea aibu: kuomba kuachia madaraka. Mkuu wa shule aliyechoshwa na vikao, takwimu za kila wiki na simu za usiku anaweza kuomba kurudi darasani akafundisha vipindi vyake na kwenda nyumbani. Mtaani watasema ameshushwa. Waache waseme. Michango ya pensheni hukatwa kwenye mshahara wa msingi, na posho ya madaraka haimo, kwa hiyo anayeiacha posho hapunguzi pensheni yake hata senti. Angalia tu kama cheo chako kilikupa posho au kilibadilisha na ngazi ya mshahara, maana kwa baadhi ya vyeo, hasa wakuu wa idara na vitengo, mambo huwa tofauti.

Siku 28 zikiisha na bado wazo la kurudi linakukosesha usingizi, hilo ni jibu pia. Na kama daktari amekwishakuonya zaidi ya mara moja juu ya presha au sukari, hesabu nitakazozieleza hapa chini zote zinapungua uzito. Ambaye mwili umemshinda kabla ya 55 asijikongoje na vyeti vya mapumziko mpaka umri utimie. Ipo njia ya kustaafu kwa sababu za kiafya kupitia bodi ya madaktari, na mafao yake yapo.

Sasa fedha. Mazungumzo ya chai ya saa nne lazima yaishie kwenye kikokotoo, na watu wana haki, kwa sababu kimebadilika mara nyingi ndani ya muda mfupi. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, ulipoanza Agosti 2018 kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF, kanuni mpya ziliwapa wastaafu wote mkupuo wa asilimia 25 tu, wakati waliokuwa PSPF na LAPF walizoea asilimia 50. Kelele zikawa kubwa, na Desemba 2018 Rais Magufuli akaagiza kanuni za zamani zirudi. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024/25 mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa wa 50, na asilimia 35 kwa waliokuwa wa 25. Kila mabadiliko yaliponong'onwa, wapo walioandika barua za kustaafu kwa hofu kwamba kanuni mpya itawakuta. Tarehe ya kustaafu isisogezwe na tetesi. Aliyekimbia mwaka huu kwa kuogopa asilimia fulani hawezi kurudi mwaka kesho ikipandishwa.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mtumishi anapaswa kuijua kwa kichwa. Unachukua wastani wa mishahara yako ya mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, unazidisha kwa miezi uliyochangia, unagawanya kwa 580. Hiyo ni pensheni yako kamili ya mwaka. Kwa aliye kwenye kundi la 40, asilimia 40 yake unaizidisha kwa 12.5, hapo una mkupuo. Asilimia 60 iliyobaki unaigawanya kwa 12, hapo una pensheni ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako. Ili kupata pensheni lazima uwe umechangia angalau miezi 180.

Tuseme mshahara wako wa msingi ni 1,500,000 na umetumikia miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni kamili ya mwaka ni shilingi 11,172,000 na ushee. Mkupuo unakuwa milioni 55.86, na kila mwezi unapokea kama 558,600. Kwa kanuni ya zamani ya PSPF, iliyogawanya kwa 540, ikatoa nusu na kuzidisha kwa 15.5, mtu huyo huyo angepata mkupuo wa milioni 93 na pensheni ya 500,000 kwa mwezi. Ndiyo maana watu walilalamika, na sitamwambia mtu aache kulalamika.

Lakini itazame hiyo 12.5. Ni miaka. Kila shilingi unayoichukua leo kwenye mkupuo ni pensheni ya miaka 12 na nusu uliyolipwa mapema. Kwa asilimia 33, mtumishi wa mfano wetu angepata mkupuo pungufu kwa karibu milioni 9.8, na pensheni yake ya mwezi ingezidi kwa shilingi 65,000 na kitu. Akistaafu na 60, mpaka afike miaka 72 na nusu zimelingana; kila mwezi baada ya hapo, pensheni kubwa ndiyo inayomlipa zaidi. Kwenu watu huishi miaka mingapi? Bibi na babu zako walifika wapi? Mwenye ukoo wa watu wa miaka 85 anapaswa kuiheshimu pensheni ya mwezi kuliko anavyoambiwa vijiweni.

Kuna kitu kingine kinachogharimu zaidi ya kikokotoo, nacho hakitajwi sana: mshahara unaouacha. Chukua mwenye mshahara huo huo wa 1,500,000 aliyetumikia miaka 25. Mkupuo wake ni milioni 46.55 na pensheni yake ni 465,500 kwa mwezi. Angebaki miaka mitano zaidi, mkupuo ungeongezeka kwa milioni 9.3 na pensheni kwa 93,000 kwa mwezi. Si haba, lakini si ya kumkosesha mtu usingizi. Sasa angalia mkononi. Baada ya kodi, mchango wa pensheni wa asilimia 5 na bima ya afya ya asilimia 3, mshahara huo humwachia kama 1,120,000, kabla ya chama cha wafanyakazi na mikopo. Akistaafu anashuka kutoka hapo hadi 465,500. Pengo ni laki sita na nusu kila mwezi. Kwa miezi 60 ni karibu milioni 40.

Basi swali la 55 au 60 kwa watu wengi linageuka kuwa hili: unayo njia ya kuingiza laki sita na nusu kwa mwezi nje ya ofisi? Nasema njia iliyopo, inayoingiza leo, iliyokwishapita msimu mbaya mmoja ikabaki imesimama. Mipango haihesabiwi. Kuku utakaowafuga hawahesabiwi, wala fremu za duka ambazo bado ni kiwanja. Kama unalima, unalima kweli au ni kilimo cha simu, cha kumpigia kijana shambani na kutuma fedha ya palizi kila akilia? Kilimo cha simu kina hasara, lakini hutoa somo: kama shamba lako linadai uwepo wako na una uhakika linalipa ukiwepo, hiyo ni sababu halali ya kuondoka na 55, ukiwa na mgongo unaoinama. Nimewaona waliosubiri 60 wakaenda shambani na kuishia kukaa chini ya mwembe kuwasimamia vibarua.

Mkopo unavuruga hesabu hizi zote. Mtumishi anayekatwa laki nne kila mwezi anajiona hapotezi sana akistaafu, kwa sababu mkononi hubaki na laki saba tu. Anajidanganya. Benki ilipanga marejesho yamalizike akiwa na 60. Akiondoka na 55, deni lililobaki halifi, na mahali rahisi pa kulichukua ni kwenye mkupuo. Kwa hiyo ukiwa na miaka 50, kila mkopo mpya uwe na swali moja: unaisha lini? Mkopo wa miaka saba unaosainiwa na mtu wa miaka 52 umekwishaamua atastaafu lini, iwe anajua au hajui. Zile kausha damu za mtaani, zinazoshikilia kadi ya benki, zimalizwe kabla ya kufikiria jambo jingine lolote.

Upande wa pili, kuna wanaoondoka miezi michache kabla ya faida kubwa. Mei Mosi ya 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa umma kinapanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Watu wakadhani anayestaafu Desemba amenufaika na nyongeza yote. Hapana. Hesabu inachukua wastani wa miaka mitatu, hivyo mshahara wa Julai 2025 utaingia wote kwenye pensheni yako kuanzia katikati ya 2028 tu. Hali ni hiyo hiyo kwa waliopandishwa madaraja kwa mserereko baada ya kucheleweshwa miaka: daraja jipya linahitaji muda ndani ya hesabu. Ukiwa umepanda mshahara juzi na una 55 leo, mwaka mmoja au miwili ya kuvumilia inaweza kuwa na thamani kuliko mwaka wowote uliotumikia huko nyuma. Inawezekana kabisa jibu lako likawa 57 na miezi minne. Wengi wetu tumeizoea 55 na 60 kana kwamba katikati hapapitiki.

Mazungumzo haya lazima yafike nyumbani, na yafike mapema. Kama mume na mke wote ni watumishi, msistaafu mwaka mmoja, hata kama umri unakaribiana. Mshahara mmoja ubaki unaingia mpaka pensheni ya wa kwanza izoeleke. Hesabu mtoto wa mwisho anamaliza lini, na uhesabu kwa ukweli, pamoja na ule mwaka wa kurudia mtihani. Uliza afisa utumishi kuhusu kadi ya bima ya afya: ya mstaafu humhusu yeye na mwenza wake, watoto hawamo, na mwenye kijana anayehitaji dawa kila mwezi asiligundue hilo kwenye dirisha la hospitali. Anayeishi nyumba ya serikali ajue atahamia wapi, na paa liwe limeezekwa kabla ya barua kuandikwa. Wanaotaka kurudi kijijini wapime umbali wa kituo cha afya kabla ya kupima ukubwa wa uwanja.

Na jambo la heshima. Mtu aliyeitwa "mkuu" kwa miaka 15 huamka asubuhi moja simu haiiti. Dereva hayupo, na waliokuwa wanasimama akipita sasa wanamsalimia wakiwa wamekaa. Wengine wanapumua siku hiyo. Wengine wanaugua. Unaweza kujua mapema wewe ni wa kundi gani kwa kuangalia unavyoishi kwenye likizo ile ya siku 28, na kwa kuhesabu ni watu wangapi wanaokutafuta kwa jina lako, bila cheo. Kama hesabu inatisha, anza sasa kwenye jumuiya, msikitini, kwaya, kamati ya maji, popote ambapo mtu hupewa kazi bila barua ya uteuzi. Mkataba baada ya miaka 60 usiutegemee. Unahitaji kibali kutoka juu na wanaoupata ni wachache.

Mkupuo wenyewe sitaueleza kwa urefu, maana wengi wameuandikia. Nitasema tu kwamba wanaokuja na miradi huanza kuja kabla ya fedha kuingia, na baadhi yao ni ndugu wa damu. Waliopanda mbegu kwenye upatu wa DECI kabla haujafungwa mwaka 2009 hawakuwa wajinga; wengi walikuwa wasomi wenye haraka. Kaa miezi sita bila kuigusa fedha ya mkupuo, ukiacha deni na matibabu. Kama unataka fedha ikae mahali ikizaa, hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu unaweza kuzinunua kuanzia shilingi milioni moja na hulipa riba kila nusu mwaka, na mifuko ya UTT AMIS inakuruhusu kutoa fedha ukihitaji. Zote mbili hazina msisimko, na mstaafu hahitaji msisimko.

Yanabaki makaratasi, na ndiyo hasa sababu ya kuamua ukiwa na 52. Tarehe ya kuzaliwa uliyoandika ulipoajiriwa mara ya kwanza ndiyo inayotambulika. Kama ya NIDA ni tofauti, au kama cheti cha shule kinasema Josephina na barua ya ajira inasema Josephine, anza kulishughulikia leo. Tafuta barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini na za kupandishwa vyeo. Aliyeajiriwa kabla ya Julai 1999, wakati mfumo wa kuchangia ulipokuwa haujaanza, ahakikishe kwamba miaka yake ya awali inaonekana kwenye kumbukumbu. Aliyehama halmashauri tatu aangalie kama kila moja ilipeleka michango yake. Kwenye programu ya PSSSF Kiganjani unaona mwezi kwa mwezi, na mwezi uliokosekana mwaka 2009 ni rahisi kuudai ukiwa bado ofisini kuliko ukiwa umekaa kwenye benchi la wageni. Malimbikizo ya mshahara, likizo na uhamisho yaandikiwe madai kabla hujaondoka. Uliza pia gharama za kusafirisha mizigo yako kwenda nyumbani zitalipwa lini.

Mfuko unatakiwa kulipa ndani ya siku 60, lakini siku hizo huhesabiwa nyaraka zikiwa kamili, kwa hiyo weka akiba ya matumizi ya miezi sita isiyotokana na mafao. Taarifa ya kustaafu kwa hiari hutolewa mapema, kwa kawaida miezi sita kabla. Ukishaiandika barua, usiikabidhi kwa mkono wa mtu anayekwenda masjala. Ipeleke mwenyewe, subiri igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ondoka na nakala yako, na nakala nyingine mpe mwenza wako aiweke pamoja na barua ya ajira ya kwanza.